Kuunganisha diski ya IDE ya zamani na kuokoa kilichomo

Diski iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa kitambo ikifika mezani kwako, usikimbilie kuitafutia umeme. Iache ilale hapo, uiangalie. Diski iliyokaa kabatini miaka 15 au 20 huenda ikazunguka vizuri mara moja tu, na mara hiyo unataka itumike kunakili, si kubahatisha kama kebo imeingia sawasawa. Ndani yake mara nyingi mna picha za mtu aliyekwisha fariki, tasnifu isiyo na nakala kwingine, au hesabu za biashara za miaka kumi. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa hivi: yote yanayoweza kujulikana bila umeme, tuyajue kwanza bila umeme.

Nitazungumzia zaidi IDE, aina ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, maana ndiyo iliyojaa makabatini. Ukisikia ATA au PATA, ni kitu kilekile. Jina PATA lilikuja baada ya SATA, muunganisho uliorithi IDE, kutoka mwaka 2003, ikabidi ya zamani ipewe jina la kuitofautisha.

1. Igeuze, uhesabu pini

Tazama ule upande unaochomekwa kebo. Ukiona pini 40 zilizojipanga safu mbili, kando yake tundu lenye pini nne nene za umeme, na katikati ya hivyo viwili pini chache fupi, hiyo ni IDE ya deskitopu, ya inchi 3.5. Hesabu vizuri utagundua kuwa zipo 39. Pini ya 20 haikuwekwa makusudi, na tundu lake kwenye kebo huzibwa ili kebo isiingie kinyume.

IDE ya laptopu, ya inchi 2.5, ina pini 44 nyembamba zilizobanana, umbali wa milimita 2 kati ya pini na pini badala ya 2.54, na haina tundu la umeme. Umeme wake, volti 5 peke yake, unapita kwenye pini za mwisho, kuanzia ya 41. Upande wa pili kuna pini nne zilizojitenga kwa pengo dogo. Hizo nne si za kebo, ni za jampa, kifungio kidogo tutakachokiona hatua ya 2.

Kama huoni pini kabisa, unaona ndimi mbili bapa, moja ya miguso 7 na nyingine ya 15, hiyo ni SATA. Kazi yako ni nyepesi, ruka mpaka hatua ya 6.

Pini 50 ni SCSI ya kale, muunganisho wa jamii nyingine kabisa. Kiunganishi cha pini 68 chenye umbo la D, au kile cha miguso 80 kinachobeba data na umeme pamoja, ni SCSI ya seva. Usilazimishe kebo ya IDE kwenye yoyote kati ya hizo. SCSI inataka kadi yake, namba ya utambulisho isiyogongana na ya kifaa kingine (kadi yenyewe kwa kawaida huchukua 7), na kizimio, kipande cha kuzuia mwangwi wa mawimbi ya umeme, kwenye ncha zote mbili za kebo. Kuna jamii moja ya SCSI iitwayo HVD inayotumia volti za tofauti. Ikichanganywa na kadi ya kawaida, kimojawapo kinaweza kuungua. Ukiona herufi hizo kwenye lebo, simama hapo mpaka upate kadi ya HVD.

Mwisho kabisa, ukikuta vipande viwili vya ubao vilivyotokeza, kimoja cha miguso 34 na kingine cha 20, umeshika ST-506 au mrithi wake ESDI. ST-506 yenyewe ilitoka mwaka 1980 kwa Shugart Technology, kampuni ambayo baadaye ilijiita Seagate, ikiwa na ujazo wa megabaiti 5. Hapa sisitizo langu ni moja: diski za aina hii usizitenganishe na kadi zilizokuwa zikiziendesha. Zama hizo akili ya kusoma na kuandika ilikaa kwenye kadi, na diski iliyopangwa na kadi moja mara nyingi haisomeki kwa kadi nyingine. Ni tatizo hilo hasa ambalo IDE iliondoa. Western Digital, Compaq na Conner walipokaa pamoja katikati ya miaka ya 1980, walihamisha kidhibiti kikaingia ndani ya diski yenyewe, na tangu hapo diski ikawa inaweza kuhama kompyuta.

2. Piga picha ya jampa kabla hujaigusa

Jampa ni kale kaplastiki kadogo, ndani yake chuma, kanakofunga pini mbili. Kamewaumiza watu wengi vichwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya IDE.

Kebo moja ya IDE hubeba diski mbili, na hakuna chochote kwenye kebo ya kawaida kinachozitambulisha. Lazima moja iwe masta (ya kwanza) na nyingine sleivu (ya pili), au zote ziwekwe kwenye hali ya kuchagua kwa kebo, ambapo nafasi ya diski kwenye kebo ndiyo inayoamua. Lebo huandika MA, SL na CS, na mara nyingi huchora ramani ya pini. Ukiisoma ramani hiyo, tazama kwanza mchoraji aliweka wapi tundu la umeme. Mchoro unaonyesha diski kwa nyuma, na mtu anayeishika kwa mbele huweka jampa upande usio wake.

Kwa kuokoa data, diski yako iwe peke yake, na iwe masta. Adapta nyingi za USB, zile za kuunganishia diski ya IDE kwenye tundu la USB, hazitafuti sleivu kabisa. Niliwahi kuletewa diski ambayo mafundi wawili walikuwa wameshaitangaza kuwa imekufa. Ilizunguka, ilitoa sauti nzuri, taa ya adapta iliwaka, lakini kompyuta haikuona kitu. Jampa ilikuwa kwenye SL, kwa sababu siku zote iliishi kama diski ya pili kwenye kompyuta yake. Niliivuta kwa kibano, nikaisogeza hatua moja kulia, nikawasha tena. Sekunde nane baadaye folda zote zilikuwa kwenye skrini.

Kuna mambo matatu ya ziada kuhusu jampa. Diski za Western Digital hutofautisha masta mwenye sleivu na diski iliyo peke yake; ikiwa peke yake, jampa huondolewa, au hulazwa mlalo pale isipofunga chochote. Ukiiacha kwenye masta bila sleivu, inaweza kukaa ikimsubiri mwenzake asiyekuwepo. Diski nyingi za laptopu nazo huwa masta zikiwa hazina jampa yoyote. Na tatu, ukikuta diski ya gigabaiti 40 au 80 inajionyesha kuwa na 32 au 33, usidhani imeharibika. Baadhi zina jampa ya kupunguza ujazo, iliyowekwa kwa ajili ya kompyuta ambazo BIOS yake, programu inayoziwasha, iliganda ikiona diski kubwa. Tazama lebo, kisha uiondoe.

3. Kebo: fuata mstari mwekundu

Ukingo mmoja wa kebo bapa una mstari wa rangi, karibu kila mara mwekundu. Huo ndio waya wa pini ya kwanza. Kwenye diski ya inchi 3.5 pini ya kwanza kwa kawaida iko upande wa tundu la umeme, na waya mwekundu wa umeme nao uko upande wa kebo. Kwa hiyo nyekundu hutazama nyekundu. Ukishachomeka vyote viwili na nyekundu zikawa mbalimbali, chomoa uanze upya.

Kebo zenyewe ni za namna mbili, na zote zina matundu 40. Ya kwanza ina nyaya 40. Ya pili ina nyaya 80 nyembamba zaidi, ambapo zile 40 za nyongeza zote ni za ardhi, zimepita katikati ya nyaya za data ili zisiingiliane. Bila hizo, mwendo unaozidi megabaiti 33 kwa sekunde hauaminiki. Zikiwepo, IDE ilipanda hadi 66, 100 na mwishowe 133. Kebo ya nyaya 80 ina rangi zenye maana: bluu huenda kwenye ubao mama, nyeusi ya mwisho ni ya masta, kijivu cha katikati ni cha sleivu. Diski ikiwa moja, iweke kwenye nyeusi. Ukiiweka katikati, kipande cha kebo kinachobaki kinaning'inia na kurudisha mwangwi wa mawimbi ya umeme, halafu unaanza kupata makosa ya kusoma ambayo diski haihusiki nayo.

Urefu usizidi sentimita 46. Kebo ndefu zaidi zilikuwa zikiuzwa, na baadhi zinafanya kazi, lakini si kwa diski unayoipa nafasi moja.

Pini iliyopinda usiinyooshe kwa koleo. Chukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, toa risasi, kisha ingiza ncha yake tupu juu ya pini na uirudishe taratibu mpaka isimame. Na unapochomoa kebo, shika plastiki ya kiunganishi kwenye ncha zake mbili, uitikise kidogokidogo kufuata urefu. Ukivuta utepe wenyewe, nyaya hung'oka ndani bila wewe kuona.

Kwenye zile za laptopu hatari ni nyingine: pini 44 hazina ukuta wa kuzilinda, hivyo adapta inaweza kuingia huku imesogea safu moja, ikakamata pini za jampa. Pini ya kwanza ni ile iliyo karibu na zile nne zilizojitenga. Iangalie kwa tochi kutoka ubavuni kabla ya kuwasha.

4. Umeme, upimwe kwanza

Plagi ya pini nne ina nyaya nne za rangi tatu: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, nyeusi mbili ni ardhi. Volti 12 zinazungusha mota. Volti 5 zinalisha ubao wa elektroniki. Pembe mbili za plagi zimekatwa ili isiingie kinyume, lakini plastiki ya zamani hulegea, na mtu mwenye nguvu anaweza kuilazimisha. Ikitokea hivyo, volti 12 zinaingia kwenye njia ya volti 5.

Najua harufu yake. Diski ya mama mmoja, iliyobeba picha za mwanawe, iliunguzwa hivyo mbele yangu na mtu aliyekuwa na haraka: mlio mfupi, moshi mwembamba, na alama nyeusi ndogo kuliko punje ya mchele kwenye ubao. Sahani za ndani hazikuguswa, lakini kazi ya dakika 30 iligeuka kuwa ya kutafuta ubao unaofanana nao kwa miezi.

Basi chukua mita. Washa pawa saplai au chaja ya adapta ikiwa haijaunganishwa na diski. Pima nyeusi na nyekundu: iwe kati ya 4.75 na 5.25. Pima nyeusi na njano: iwe kati ya 11.4 na 12.6. Chaja za adapta za bei ya chini ndizo zinazodanganya zaidi, hasa baada ya kukaa miaka. Na diski ya inchi 3.5 usitegemee umeme wa USB peke yake; USB haitoi volti 12 hizo.

Zima tena. Gusa chuma kitupu cha kava ili umeme tuli ukutoke mwilini. Chomeka kebo ya data, kisha plagi ya umeme. IDE haikutengenezwa kuchomekwa au kuchomolewa ikiwa na umeme, hata mara moja.

5. Adapta au ubao mama wa zamani?

Kwa diski nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, adapta ya USB inatosha na ndiyo ninayoanza nayo. Lakini kuna pembe mbili za historia za kuangalia: moja inahitaji ubao mama wa zamani wenye tundu la IDE, nyingine inahitaji kifaa kisicho cha zamani mno.

Pembe ya kwanza ni diski ndogo sana. Diski za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilihesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, kwa silinda, vichwa na sekta za kila traki, bila namba moja mfululizo. Adapta nyingi zinajua namba mfululizo tu, kwa hiyo diski hiyo kwao ni kimya. Kwenye ubao mama wa zamani ingia BIOS, uandike mwenyewe hesabu tatu zilizopo kwenye lebo. Utaelewa pia kwa nini diski za wakati ule ziligota kwenye megabaiti 528: BIOS iliruhusu silinda 1,024, IDE iliruhusu vichwa 16, BIOS tena iliruhusu sekta 63. Zidisha hizo kwa baiti 512 za kila sekta unapata 528,482,304. Kila upande peke yake ungeweza zaidi. Walipokutana, kila mmoja alileta udhaifu wake.

Pembe ya pili ni diski kubwa. Namba ya sekta katika IDE ilikuwa na biti 28, ikimaanisha kikomo cha gigabaiti 137. Kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002 kilipanua hadi biti 48. Ukiunganisha diski ya gigabaiti 160 au zaidi kwenye ubao mama au adapta iliyotangulia mabadiliko hayo, utaiona kama 137, na sehemu ya mwisho ya data itakuwa kama haipo. Hapa badilisha adapta, diski haina neno. Na usiandike chochote juu yake ikiwa katika hali hiyo.

6. Iwashe, usikilize

Kama diski imetoka mahali penye baridi au unyevu, iache chumbani saa kadhaa kwanza. Kisha iweke juu ya kitu kisichopitisha umeme, imelala tambarare, na usiisogeze tena. Washa umeme wa diski kabla ya kuchomeka USB.

Diski nzima huanza kwa mvumo unaopanda kwa sekunde chache, inafuata mikwaruzo midogo miwili mitatu vichwa vikijipima, kisha mvumo wa kudumu. Ukisikia kugonga kunakojirudia kwa mpigo uleule, tak, tak, tak, zima papo hapo. Ukisikia mlio mdogo wa mota inayojaribu bila kuzunguka, vichwa huenda vimenata kwenye sahani. Zima pia. Habari za kuigonga mezani au kuilaza kwenye friza nazifahamu, na sizishauri kwa diski ambayo mtu anaililia. Ipeleke kwa wenye vifaa vya kuifungua.

7. Nakili yote kabla ya kufungua lolote

Windows ikikuuliza kama iiandae au iifomati diski, kataa. Mimi hutumia Linux iliyowashwa kutoka kwenye fleshi, nikiwa nimezima ile tabia ya kufungua diski zenyewe, kwa sababu kufungua tu kunaweza kuandika kitu.

Andika `lsblk` uone diski imepewa jina gani. Linganisha ujazo na lebo. Hapa ndipo watu wanapochanganya diski ya zamani na ile ya kupokea nakala, kwa hiyo soma mara mbili. Kisha, ukiwa ndani ya folda yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, ukiweka jina halisi badala ya sdX:

`ddrescue -n /dev/sdX diski.img diski.map`

Duru hii ya kwanza inachukua kila kisomekacho kirahisi na kuyaruka maeneo magumu. Faili la `.map` linakumbuka ulipofikia, hata umeme ukikatika. Ikibaki mabaka, endesha duru ya pili:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdX diski.img diski.map`

Diski ya gigabaiti 40 ikisoma megabaiti 20 kwa sekunde humaliza kwa dakika kama 33. Ipulizie feni muda wote huo. Ukiona ujazo unasomeka sawa lakini kila sekta inakataa tangu ya kwanza, shuku nenosiri: diski za laptopu zinaweza kufungwa kwa nenosiri linalokaa ndani ya diski, na kuihamishia kompyuta nyingine hakulifuti. Mtafute mwenyewe akumbuke.

Nakala ikikamilika, zima diski. Kuanzia hapa kila jaribio linafanyika kwenye nakala:

`losetup -r -P -f --show diski.img`

Amri hiyo itakujibu kwa jina, tuseme /dev/loop0. Fungua sehemu yake ya kwanza kwa kusoma tu:

`mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt`

Mifumo ya faili ya FAT16, FAT32 na NTFS hufunguka bila shida. Nakili folda unazozitaka, kisha fungua picha tano au sita kutoka folda mbalimbali mpaka mwisho wake, uhakikishe hazikukatika nusu.

Diski yenyewe ikishazimwa, isubiri kama nusu dakika sahani zisimame ndipo uiinue. Rudisha jampa kama ilivyo kwenye picha uliyopiga, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, na ubandike karatasi juu yake: tarehe ya kunakili, jina la faili la nakala, na idadi ya sekta zilizokataa kusomeka.